Akiambiwa Si Raia, Apewe Karatasi

Kwa:
Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Waziri wa Katiba na Sheria,
Kamishna Jenerali wa Uhamiaji,
Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

YAH: MSAADA WA KISHERIA KATIKA MASUALA YA URAIA NA VIBALI VYA UKAAZI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi. Meza yangu iko barazani, na watu huja na bahasha za kaki. Baada ya muda unajua shauri kabla mtu hajafungua mdomo. Bahasha ya matunzo ya mtoto huwa nyembamba, haina kitu zaidi ya cheti cha kliniki. Ya mirathi ina muhtasari wa kikao cha ukoo. Bahasha ya uraia ndiyo nene kuliko zote: cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, barua ya mtendaji wa kata, barua ya pili ya mtendaji kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kosa la herufi, kadi ya chama ya marehemu baba iliyofifia hadi jina halisomeki. Mtu amekusanya kila karatasi aliyowahi kupewa na nchi hii. Karatasi moja tu haimo kamwe, na ndiyo inayonifanya niwaandikie.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa. Babu yake aliingia kutoka nchi jirani kabla ya Uhuru kwa kazi ya kukata miwa. Baba alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi mwaka 1967, akasoma hapa, akapiga kura hapa, amezikwa hapa. Mama naye ni wa kambi ileile, na historia yake ni ileile. Kijana alizaliwa 2001. Alitaka kupanda mlima Kilimanjaro kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, kampuni ikamtaka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Akajaza fomu, akagongewa mihuri yote ya kijijini, akafika kwenye dirisha la ofisi moja ambayo sitaitaja. Akaulizwa kabila. Akaulizwa babu alitokea wapi. Akasema ukweli, kama alivyolelewa. Akajibiwa akalete cheti cha kuzaliwa cha babu.

Babu huyo alizaliwa kijijini, ng'ambo ya mpaka, enzi ambazo siku ya kuzaliwa ilikumbukwa kwa njaa au kwa nzige. Cheti kipi?

Nilimuuliza, "Mwanangu, walikupa karatasi yoyote?" Akasema, "Hapana, mama." Walikuandikia sababu? Hapana. Aliyekuhudumia anaitwa nani? Hakuuliza, aliogopa. Alikuwa amekaa mbele yangu na bahasha yake mapajani, ameishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepanda basi lililojaa. Mimi nilikuwa na Sheria ya Uraia mezani, nimeipigia mistari, na sikuwa na la kufanya. Ningejibu hoja gani, wakati hoja yenyewe haipo popote ila masikioni mwa kijana?

Mfanyakazi akiachishwa kazi, tunadai barua, na barua hiyo tunaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeshindwa shauri la shamba kwenye baraza la ardhi anatoka na nakala ya hukumu, hata kama hukumu yenyewe imemuumiza. Mtu anayeambiwa kwamba si wa nchi hii, jambo ambalo shamba, kazi, laini ya simu, mkopo wa masomo na hata kaburi vinalitegemea, anaambiwa kwa mdomo, akiwa amesimama, na nyuma yake kuna foleni.

Na swali lake si jepesi kiasi cha kuamuliwa namna hiyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 5, inamhesabu mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, au baada yake, kuwa raia tangu kuzaliwa. Inawatoa wachache tu: mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi, na mtoto wa mtu wa upande wa adui aliyezaliwa mahali palipokaliwa na adui. Ndivyo maandishi yalivyo. Lakini kwa miaka mingi madirishani kifungu hicho kimesomwa kwamba lazima mzazi mmoja awe raia. Huenda Serikali ina hoja nzito za kukisoma hivyo, nami ningependa kuzisikia. Ila tazameni uzito wake kwa kijana huyu. Kwa usomaji wa kwanza, baba yake alikuwa raia tangu mwaka 1967 na yeye hana swali lolote la kujibu. Kwa usomaji wa pili, baba hakuwa raia hata siku moja aliyoishi, na mwanawe aliyefika hadi kidato cha nne akiimba wimbo wa taifa kila asubuhi si raia wa nchi yoyote duniani, kwa maana huko alikotoka babu hakuna hata anayemjua. Kwa wazee waliozaliwa kabla ya 9 Desemba 1961 hesabu inabadilika tena, kwa sababu wakati wa Uhuru iliangaliwa pia iwapo mmoja wa wazazi wao naye alizaliwa Tanganyika. Mambo haya ni ya wakili na hakimu. Nimeona yakimalizwa kwa dakika nne.

Sisemi maofisa wetu ni watu wabaya. Mkoa wa Kilimanjaro una Holili na Tarakea, Arusha ina Namanga, na kati ya vituo hivyo kuna njia za panya ambazo hata mbuzi wanazijua. Wapo wanaonunua barua za utambulisho, na wapo wenyeviti wanaoziuza. Ofisa anayekaa dirishani siku nzima akidanganywa hana budi kuwa na shaka, na nchi isiyojua raia wake ni akina nani haiwezi kulinda hata kura yao. Ninachoomba ni kwamba shaka ya ofisa iandikwe. "Tumekataa kwa sababu hii, kwa kifungu hiki, tarehe hii, unaweza kupeleka malalamiko yako mahali fulani." Mistari minne. Ofisa mwenye sababu nzuri haipotezi kwa kuiandika, na mimi nikiisoma nikaona ni ya kweli, nitakuwa wa kwanza kumwambia mteja wangu arudi nyumbani.

Bila mistari hiyo hata milango iliyopo inajifunga. Mahakama Kuu ina utaratibu wa kupitia maamuzi ya viongozi na ofisi za umma, lakini jaji huanza kwa kuuliza uamuzi unaolalamikiwa uko wapi. Anayetaka kufungua maombi hayo ana miezi 6 ya kuomba ruhusa ya mahakama. Miezi 6 tangu lini? Tangu siku ile ya kwanza dirishani, au siku aliporudi akaambiwa asubiri, au siku alipopiga simu ikaita hadi ikakatika? Na kwa wale wanaoomba uraia wa tajnisi, yaani mgeni anayeomba kuwa raia, sheria yenyewe inasema Waziri halazimiki kueleza sababu ya kukubali wala kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa wala haupitiwi na mahakama yoyote. Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mamlaka hayo ni makubwa mno kuachwa bila neno moja la maelezo kwa mtu aliyesubiri miaka.

Jambo hili si geni mezani kwenu. Kilomita 80 hivi kutoka hapa nilipo, jijini Arusha, ndiko yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 22 Machi 2018 mahakama hiyo ilitoa hukumu dhidi ya nchi yetu katika shauri la mtu aliyekwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa yake, akaishia kuchukuliwa pasipoti, kisha mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamkataa. Akabaki anaishi kati ya nchi mbili, kwenye kipande cha ardhi kisicho cha yeyote. Majaji walisema kwamba, kwa kuwa alikuwa ameshika nyaraka za uraia zilizotolewa na Serikali yenyewe, kazi ya kuthibitisha kwamba yeye si raia ilikuwa ya Serikali. Wakaagiza pia sheria zetu zirekebishwe ili mtu ambaye uraia wake unabishaniwa awe na mahakama ya kwenda. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara tatu. Kila niisomapo namwona kijana wa Arusha Chini, tofauti ikiwa kwamba yeye hajafukuzwa, ameachwa tu.

Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua shauri moja kwa moja katika mahakama hiyo, na tangu Novemba 2020 njia hiyo haipo tena. Sitaki kuingia katika mjadala wa kwa nini. Nasema tu kwamba mlango wa nje ukishafungwa, wa ndani unahitajika zaidi, na agizo la kuufungua lipo tangu 2018.

Kuna upande mwingine wa barua hii, wa wageni wanaoishi kwetu kwa kibali. Arusha na Moshi zimejaa watu hao: walimu kutoka Kenya na Uganda, watu wa kampuni za utalii, wamisionari, watafiti, wanafunzi, vijana wa kujitolea, wazee waliostaafu wakaupenda mlima. Vibali vya ukaazi vina madaraja matatu: A kwa mwekezaji na aliyejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa hao wengine. Kwa mwajiriwa, sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inataka kwanza kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, ndipo aende Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi. Ni ofisi mbili, vibali viwili, malipo mawili. Wengi hawajui. Wapo majirani zetu wanaoamini kwamba kwa kuwa tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, ile pasi ya miezi 6 wanayogongewa Namanga inatosha kushika chaki darasani. Haitoshi. Hakuna mtu anayewaambia hivyo siku wanayogongewa.

Pengo hilo limejazwa na vishoka, mawakala wasio rasmi. Kishoka anakaa jirani na ofisi, ana kompyuta ya mapajani, amevaa tai, anajiita wakala. Maombi siku hizi ni ya mtandaoni, basi kishoka hufungua ombi kwa barua pepe yake mwenyewe na simu yake mwenyewe. Majibu yakitoka yanamfikia yeye. Akitaka kukuzungusha miezi miwili anakuzungusha, akitaka nyongeza anadai nyongeza, nawe huna hata njia ya kujua ombi lako limefika wapi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha Arusha aliniletea risiti aliyopewa na mtu wa namna hiyo. Haikuwa na namba ya malipo ya Serikali. Nilipomwambia kwamba karatasi ile haina thamani alinyamaza, kisha akaikunja vizuri akairudisha kwenye mkoba wake, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Mwaka mzima alikuwa akifundisha akiamini ana kibali. Mwajiri, ambaye kisheria naye ana wajibu, hakupokea simu yake tena. Mama wa watu alirudi kwao usiku.

Napenda pia kuzungumzia ndoa, kwa kuwa huku mpakani ndoa haziulizi mpaka uko wapi. Rombo na Taveta wameoana tangu kabla ya Mjerumani na Mwingereza kuchora mstari. Mwanamke kutoka Taveta akiolewa Rombo, sheria inampa haki ya kuomba tajnisi kwa ndoa yake, mumewe akiwa hai. Mwanamke wa Rombo akiolewa na mwanamume wa Taveta wakaamua kuishi Rombo, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichopewa mwanamke na baba yake, huyo mume hana njia hiyo. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo miezi 12 awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7, na miaka yote hiyo awe na kibali halali cha kumweka. Mama mmoja aliniuliza barazani, "Ina maana kaka yangu anaweza kuleta mke akawa raia, mimi siwezi kuleta mume?" Nikamwambia ndivyo. Akauliza nani aliandika hivyo. Nimeulizwa mengi katika kazi hii, na sijawahi kuona haya kwa niaba ya nchi yangu kama siku ile. Waheshimiwa, kifungu hicho kirekebishwe. Hakihitaji tume wala semina.

Na watoto wa ndoa hizo wana lao. Kwa kuwa nchi yetu haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, mtoto mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa akifika miaka 18 aukane ule mwingine, la sivyo anapoteza wa Tanzania. Kijana wa miaka 18 yuko kidato cha tano au cha sita, akili yake iko kwenye mtihani. Nani wa kumwambia? Mkuu wa shule hajui, mzazi hajui. Anakuja kujua ana miaka 23, anapotafuta pasipoti.

Kuhusu msaada wenyewe, nchi ilishaweka msingi mzuri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu ni ya bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewazoesha wananchi kuleta migogoro ya ardhi, mirathi na ndoa mbele ya mwanasheria bila kuona haya. Naomba uraia na vibali vipewe uzito uleule. Katika mafunzo niliyopitia mimi, somo la uraia lilichukua mchana mmoja, baada ya chakula. Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, tupeni siku tano. Tuleteeni ofisa wa Uhamiaji na wakili anayezijua sheria hizi, wakae pamoja mbele yetu, watufundishe kujaza, kusoma, na kutambua shauri lililotuzidi ili tulipeleke kwa wakili mapema, kwa kuwa sisi mahakamani haturuhusiwi kumwakilisha mtu.

Kisha tupeni meza. Meza moja ndani ya uzio wa ofisi, Moshi na Arusha kwa kuanzia, na vituoni Holili na Namanga ikiwezekana. Msaidizi wa kisheria akae hapo siku mbili kwa wiki. Mtu akitoka dirishani na karatasi yake ya sababu, apite mezani, asomewe kwa Kiswahili anachokielewa. Mwombaji wa kibali asaidiwe kufungua ombi kwa barua pepe yake mwenyewe. Ukutani yabandikwe majina ya mawakili wenye leseni walio tayari kusaidia wasio na uwezo, na bango kubwa lenye ada halali na onyo kwamba malipo yasiyo na namba ya Serikali ni wizi. Kishoka anaishi kwa giza la yule anayekuja kuuliza. Mkiwasha taa pale mlangoni atahama mwenyewe.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2014 nchi hii ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wale waliandikwa na kupewa karatasi zao, na dunia ikatusifu. Huyu wangu ni mmoja. Hakukimbia vita yoyote, babu yake alifuata kazi ya panga na miwa, na sukari aliyoitolea jasho tuliinywa sote.

Kijana huyo bado hajapanda mlima. Kwa sasa anabeba mizigo sokoni Kiboriloni kwa siku za gulio, kazi isiyouliza kitambulisho. Bahasha yake ameiacha kwangu kwa sababu kwao nyumba inavuja.

Barua hii nitaileta kwa mkono katika ofisi zenu za mkoa, Moshi na Arusha, Jumatatu asubuhi, nikiwa na nakala mbili kila mahali. Naomba masjala wanigongee nakala yangu muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Moshi, Kilimanjaro.